Bendigo: Nani Mgeni Katika Mji wa Dhahabu?

Kila Pasaka mji wa Bendigo, ulio kilomita kama 150 kaskazini-magharibi mwa Melbourne nchini Australia, hutoa joka barabarani. Joka lenyewe, Dai Gum Loong, lilizinduliwa mwaka 2019 na lina urefu wa mita zipatazo 125. Hubebwa na makumi ya watu wanaopokezana, ngoma zikirindima na fataki zikilipuka, na umati uliojaa kando ya barabara hushangilia. Wengi kwenye umati huo hawana tone la damu ya Kichina. Lakini joka ni lao, nao watakwambia hivyo bila kusita.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Msemo huo ungefaa kuandikwa kwenye lango la Bendigo, maana bila wageni pasingekuwa na mji hapo. Shida ni kwamba kwa muda mrefu mji huu umekuwa na wageni wa aina mbili: wale waliosahauliwa ugeni wao mara tu waliposhuka melini, na wale waliokumbushwa kila siku, kizazi baada ya kizazi. Mtalii akirudi kwao na picha za joka tu, ameona nusu ya Bendigo, tena ile nusu isiyomgharimu mtu chochote. Nusu nyingine imo kwenye sheria: karatasi zilizoamua nani alipie kuingia, nani akae wapi, nani apige kura na nani afungiwe mlango. Hoja yangu ni kwamba joka halieleweki bila karatasi hizo.

Tuanze na wenyeji, kwa sababu wao ndio husahaulika kwanza. Kabla ya dhahabu kuonekana mwaka 1851, bonde la kijito cha Bendigo lilikuwa sehemu ya Ravenswood, shamba kubwa la kondoo. Kabla ya kondoo, tangu enzi zisizo na hesabu, lilikuwa nchi ya watu wa Dja Dja Wurrung. Walowezi na mifugo yao walishaanza kuwasukuma pembeni, na dhahabu ikaja kumaliza kilichobaki. Misitu ikakatwa kwa ajili ya nguzo za migodi na kuni za mitambo ya mvuke, vijito vikajaa tope, udongo wa chini ukaja juu na wa juu ukaenda chini. Wazao wao hadi leo wanaisema nchi hiyo kuwa nchi iliyopinduliwa. Serikali ya jimbo la Victoria ilitia saini nao makubaliano ya kuwatambua kuwa wamiliki wa jadi mwaka 2013, miaka 162 baada ya karai la kwanza kuzamishwa kijitoni.

Kwa hiyo mwaka 1851 kila aliyeinama kwenye maji yale alikuwa mhamiaji. Kila mmoja. Mtu wa Cornwall huko Uingereza, Mwairishi, Mjerumani, Mskoti, Mmarekani aliyekuja baada ya kukosa dhahabu California, wote walikuwa wametoka kwao kufuata habari za dhahabu, na hakuna hata mmoja aliyebisha hodi kwa mwenye nchi.

Angalia sasa walivyokumbukwa. Ukitembea barabara ya Pall Mall, ambayo jina lake lilichukuliwa London, unapita katikati ya majengo makubwa ya mawe na nakshi yanayotosha mji mara tatu ya huo. Mengi ya mapambo hayo ya mji, kuanzia jumba la manispaa hadi chemchemi ya Alexandra iliyofunguliwa mwaka 1881, yametoka mikononi mwa William Vahland, Mjerumani wa Hanover aliyefika mwaka 1854 kutafuta dhahabu kama wengine, kisha akageukia useremala na usanifu. Watu wa Cornwall walileta ujuzi wa kuchimba miamba migumu, ujuzi wa mababu zao waliochimba bati na shaba, na wakajenga makanisa yao madogo ya Kimethodisti kila kona. Walistahili kukumbukwa. Ninachotaka msomaji akione ni kwamba katika vitabu vya mji watu hawa huitwa waasisi. Mchina aliyefika miaka hiyohiyo, kwa meli zilezile za tanga, kutafuta madini yaleyale, amebaki kuwa mhamiaji.

Tofauti hiyo haikutokea yenyewe. Ilitungwa na Bunge.

Mwezi Desemba 1854, huko Ballarat, mji jirani wa dhahabu, wachimbaji waliinua ngome ya miti pale Eureka kupinga leseni ya pauni moja kwa mwezi, ambayo mtu alilipa apate dhahabu asipate. Askari wakawavamia alfajiri ya tarehe 3 na zaidi ya watu ishirini wakafa. Waaustralia wengi wanaliona tukio hilo kuwa chimbuko la demokrasia yao, na wana haki. Tume iliyochunguza hali ya machimbo ikatoa ripoti mwaka 1855, na kutokana nayo leseni ya kila mwezi ikaondolewa. Badala yake ikaja hati ya mchimbaji kwa pauni moja kwa mwaka, na pamoja nayo haki ya kupiga kura.

Ripoti hiyohiyo ndiyo iliyopendekeza Wachina wadhibitiwe. Mwaka huohuo Bunge la Victoria likapitisha sheria ambayo jina lake rasmi lilitaja tu “wahamiaji fulani”. Meli ingeruhusiwa kushusha Mchina mmoja kwa kila tani kumi za ukubwa wake, na kwa kila kichwa nahodha alipe pauni 10. Fikiria hilo kwa makini. Mchimbaji mmoja analipa pauni moja kwa mwaka na anapewa kura, mwenzake analipiwa pauni kumi kabla hajakanyaga nchi kavu na hapewi chochote. Watu husimuliwa Eureka na kodi ya Wachina kama sura mbili zilizo mbalimbali, moja ya fahari na nyingine ya aibu. Mimi naziona kuwa sura moja. Haki ya wengi ilipopanuliwa, ukuta wake ulijengwa siku zilezile na mafundi walewale.

Manahodha hawakukubali hasara. Wakaanza kushusha abiria katika koloni jirani la Australia Kusini, kwenye bandari ndogo ya Robe, ambako kodi hiyo haikuwepo. Kati ya 1856 na 1858 Wachina zaidi ya 16,000, karibu wote wanaume wa mkoa wa Guangdong, walishuka katika kijiji hicho cha wakazi wachache na kuanza safari ya miguu ya zaidi ya kilomita 400 hadi machimboni. Walitembea kwa mstari mmoja mrefu, kila mtu na mti begani, mizigo ikining'inia ncha mbili, huku wengine wakitapeliwa na waongozaji waliochukua fedha na kuwatupa njiani. Kundi moja lililopumzika njiani mwaka 1857 lilikuta dhahabu mahali lilipotafuta maji. Pale ndipo ulipozaliwa mji wa Ararat, ambao leo unajivunia kuanzishwa na Wachina. Australia Kusini nayo ikaweka kodi yake mwaka huohuo wa 1857, na mlango wa Robe ukafungwa.

Wengi wao walikuwa wamekuja kwa mkopo. Nauli ilitolewa na mfanyabiashara au jamaa wa kijijini, na ilipaswa kurudishwa kwa dhahabu, huku familia iliyobaki nyumbani ikiwa ndiyo dhamana. Ndiyo maana walifanya kazi kwa namna iliyowaudhi majirani zao. Mzungu aliposikia kuna dhahabu bonde la pili, alitupa sepetu na kukimbilia huko. Wachina waliingia kwenye shimo aliloliacha na kuosha upya udongo ambao tayari ulikuwa umeoshwa, ile kazi ambayo wachimbaji wadogo wa Tanzania huiita marudio. Walichimba mifereji ya maji kwa ustadi, wakafanya kazi kwa makundi yenye kiongozi na mpishi wake, na hakuna punje iliyopotea. Pembeni mwa vijito wakalima mboga. Mji uliokuwa ukila nyama ya kondoo na mkate mkavu ukapata kabichi na vitunguu kutoka kwenye bustani zao.

Malipo ya juhudi hiyo yalikuwa chuki. Mwaka 1854 kulikuwa na wito wa wazi mjini Bendigo wa kuwafukuza Wachina tarehe 4 Julai, na mamlaka yakauzima. Miaka mitatu baadaye, tarehe ileile, katika bonde la mto Buckland, haukuzimika: wachimbaji wa Kizungu waliwavamia, wakachoma mahema na hekalu lao, wakawakimbiza mtoni. Serikali, badala ya kuwalinda mahali walipo, ilikuwa tayari imewakusanya kwenye kambi maalumu chini ya maofisa walioitwa walinzi wa Wachina, kisha ikawatoza ada ya ukaazi iliyowahusu wao peke yao. Jina zuri, kazi ya kukusanya kodi.

Hapa nasimama kidogo, kwa sababu mtindo wa kuwasimulia watu hawa kama wanyonge walioinamisha vichwa unanikera. Walipinga. Waliandika maombi kwa Bunge yenye maelfu ya sahihi. Mwaka 1859 wengi walikataa kulipa ada hiyo na kukubali kukamatwa, mpaka mahabusu zikaelemewa. Huo nao ni upinzani wa kodi machimboni, miaka mitano baada ya Eureka, tena bila risasi kufyatuliwa. Sijui kwa nini mtoto wa shule aijue ngome ya miti na asiujue mgomo huo.

Mtu anayetaka kuwaona watu hawa wenyewe, si sherehe zao, aende sehemu mbili. Ya kwanza ni hekalu la Emu Point, kaskazini mwa mji, mahali palipokuwa na moja ya kambi zao. Lilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1870 kwa mbao na matofali ya kufyatuliwa kwa mikono, likapakwa rangi nyekundu, na ndani mna vyumba vitatu: katikati altare ya Guan Di, mungu wa Kichina wa vita na uaminifu, upande mmoja ukumbi wa kuwakumbuka mababu, upande mwingine makao ya mtunzaji. Ni jengo dogo. Ukitoka kwenye makanisa na majumba ya Pall Mall unaweza kulidharau, lakini ndilo lililosimama wakati sehemu kubwa ya mtaa wa Wachina ilipobomolewa.

Ya pili ni makaburi ya White Hills. Katika sehemu ya Wachina kuna mawe ya kaburi yaliyochongwa maandishi yanayotaja jina la marehemu na kijiji alichotoka, na mnara wa matofali wenye tanuru ambamo jamaa walichoma karatasi na sadaka ili ziwafikie wafu. Kijiji kimetajwa kwa sababu kaburi hilo, kwa wengi, lilikusudiwa kuwa la muda. Desturi ilikuwa mifupa ifukuliwe baada ya miaka kadhaa, isafishwe na kurudishwa nyumbani ikazikwe na ukoo. Kwa wale ambao mawe yao bado yapo, inawezekana fedha hazikutosha, au jamaa walikwisha, au nyumbani hapakuwa tena na wa kuipokea. Na hawakuwa na familia hapa. Katika sensa ya 1861 Victoria ilikuwa na Wachina zaidi ya 24,000, na wanawake miongoni mwao hawakufikisha idadi ya vidole vya mikono miwili. Ukiambiwa kwamba Wachina walikuja kuchuma na kuondoka, kumbuka ni nani aliyewafanya waone kwamba hapakuwa na pa kukaa.

Sasa ndipo joka linapoingia, na hapa nakiri kuwa nalistahi zaidi baada ya kujua historia yake. Maonyesho ya Pasaka ya Bendigo yalianza mwaka 1871 kwa ajili ya kuchangia hospitali na nyumba ya kutunzia maskini. Kabla muongo huo haujaisha, Wachina walikuwa wamejiunga nayo kwa maandamano yao, mavazi ya hariri yaliyoagizwa China, muziki na maigizo, na walichochuma kikaenda kwenye hospitali ya mji. Jamii iliyokuwa ikibanwa ilichangia dawa za wagonjwa wa mji uliowabana. Naona ukarimu hapo, na naona hesabu pia: mtu asiye na kura hutafuta njia nyingine ya kusikika. Joka lilikuwa sauti yao kwenye mji ambao haukuwapa sauti.

Mwezi Mei 1901 Bunge la kwanza la shirikisho la Australia lilipofunguliwa Melbourne, Wachina walishiriki shamrashamra hizo, na joka la Bendigo likacheza barabarani kulishangilia taifa jipya. Mwezi Desemba mwaka huohuo Bunge hilo likapitisha sheria ya kuzuia uhamiaji, nguzo ya kile kilichokuja kuitwa Australia ya Wazungu. Ofisa bandarini aliruhusiwa kumsomea mgeni maneno 50 kwa lugha yoyote ya Ulaya, aandike; akishindwa, arudi alikotoka. Ofisa ndiye aliyechagua lugha, kwa hiyo ndiye aliyechagua matokeo. Mchina aliyeishi Bendigo miaka thelathini, akitaka kwenda kumzika mama yake na kurudi, alihitaji cheti cha kusamehewa mtihani huo. Vyeti hivyo bado vimehifadhiwa katika nyaraka za taifa: picha ya uso kwa mbele, picha ya ubavuni, na alama ya kiganja cha mkono iliyochovywa kwenye wino. Wauza mboga, waganga wa mitishamba, maseremala, wote wamepigwa picha kama watuhumiwa. Mtihani huo ulidumu hadi 1958, na mabaki ya sera yenyewe hadi 1973. Joka lililocheza mwaka 1901 bado lipo, linaitwa Loong, limepumzishwa kwenye Makumbusho ya Golden Dragon yaliyofunguliwa mjini humo mwaka 1991. Kila anayelipia tiketi kuliona angepaswa kuonyeshwa na kile kiganja.

Hakuna aliyetajirika bila gharama pale. Bendigo imetoa wakia zipatazo milioni 22, karibu tani 700 za dhahabu, na migodi yake ilifika kina cha zaidi ya mita 1,400 mwanzoni mwa karne ya 20. Mashine za kutobolea miamba zilipoingia, vumbi la mwamba mweupe likaingia mapafuni mwa watu wa Cornwall na watoto wao, na mitaa ikajaa wajane. Mgodi wa Central Deborah, uliofungwa mwaka 1954 na sasa hutembelewa na watalii, unakushusha mita 61 chini, na ukiwa kule gizani utaelewa haraka kwamba mwajiri hakuwahurumia sana hata wale aliowaita ndugu zake. Lakini mjane wa Cornwall hakuhitaji cheti chenye kiganja ili arudi nyumbani kwake.

Anayedhani hayo yote yamekwisha arudi nyuma miaka kumi hivi tu. Mwaka 2014 baraza la mji liliidhinisha ujenzi wa msikiti. Mwaka 2015 barabara zilezile za Pasaka zikajaa waandamanaji, wengine kutoka mbali, wakipiga kelele kwamba mgeni huyu hafai. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya Australia, ambayo mwaka 2016 ilikataa kuisikiliza rufaa ya wapinzani. Wakazi wengi wa Bendigo walijitokeza kuutetea mji wao kuwa ni mji wa wote, na wengi wao waliegemea historia ya Wachina kama ushahidi. Nawapongeza kwa moyo wote. Hata hivyo hoja yao ilikuwa na tundu: walisema mji umekuwa ukiwapokea wageni tangu zamani, na historia haisemi hivyo. Historia inasema mji ulikataa, ukatoza kodi, ukapiga picha viganja, kisha baada ya waliokataliwa kupungua hadi wasimtishe mtu, ukalipenda joka lao. Utetezi wenye nguvu zaidi ungekuwa kusema: tulifanya hivi kwa Wachina, tulikosea, haturudii.

Tangu mwaka 2007 wamefika wakimbizi wa Kikaren kutoka Myanmar, nao sasa ni jamii kubwa mjini humo. Wapo waliopitia miaka mingi kwenye kambi za mpaka wa Thailand. Hao ndio kipimo cha kama Bendigo imejifunza, na kipimo hicho hakiko kwenye siku ya maonyesho ya vyakula na ngoma za asili. Kiko kwenye mshahara wao, nyumba wanazopangishiwa, na kama watoto wao wataingia kwenye baraza la mji wakiwa wakazi au wakiwa “wawakilishi wa jamii ya wahamiaji”.

Mwezi Mei 2017 kundi la Waaustralia wa asili ya Kichina lilitembea kwa miguu kutoka Robe hadi Melbourne, likifuata njia ya wale wa 1857. Walipofika kwenye ngazi za Bunge, waziri mkuu wa jimbo, Daniel Andrews, aliwaomba radhi kwa niaba ya serikali kwa sheria ya pauni kumi. Ilichukua zaidi ya miaka 160. Na sasa Victoria inataka maeneo yake ya dhahabu yaingizwe kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO, Bendigo likiwa moja ya yale yanayotajwa kwanza. Ninaiunga mkono ombi hilo, kwa sharti. Kitakachowekwa kwenye maelezo ya urithi huo kisiwe chemchemi, mashimo na joka pekee. Iwekwe ile sheria ya 1855 neno kwa neno, maombi ya maelfu ya sahihi, majina ya waliofungwa kwa kukataa ada mwaka 1859, na makubaliano ya 2013 na watu wa Dja Dja Wurrung. Tena viwekwe mlangoni, kabla mgeni hajafika kwenye duka la zawadi.